Ushauri: Tunaendesha kundi la jumla la viungo Tanga, wauzaji matapeli wanazidi. Tuwachuje vipi?

Ngamiani Mzigo (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi na wenzangu wawili tunasimamia kundi la biashara ya jumla mtandaoni, tupo Tanga mjini, Ngamiani. Wauzaji wetu wengi wako Muheza, upande wa Amani: iliki, pilipili manga, karafuu, mdalasini. Msimu wa machungwa ukifika na yenyewe yanaingia. Wanunuzi wako Dar, Arusha, Zanzibar na Mombasa. Muuzaji anaweka picha ya mzigo, kilo na bei, wanapatana na mnunuzi, malipo ya awali yanatumwa kwa simu, gari inapakia.

Mwanzo tulikuwa tunajuana. Sasa kundi limekua, wamo watu ambao hatujawahi kuwaona sura, na malalamiko hayakauki. Kuna anayechukua picha ya mzigo wa mwenzake, anapokea malipo ya awali, anazima laini. Kuna anayetuma mzigo kweli, ila ukifunguliwa pilipili imechanganywa na mbegu za papai, karafuu imejaa makonyo (vijiti vyake), au iliki ni mbichi ndani ya gunia na imeshaanza kuvunda. Na kuna aina ya tatu, ambayo ndiyo inayoniumiza zaidi: muuzaji aliyeuza vizuri mizigo midogo midogo, kila mtu akamsifu, halafu akatangaza mzigo mkubwa, akakusanya malipo ya awali kwa wanunuzi kadhaa wiki moja, akapotea. Mmoja wa waliolizwa ni mama wa Dar ambaye alikuwa ameweka mtaji wake wote pale.

Mawazo yetu mpaka sasa: (1) kila muuzaji alete kitambulisho cha taifa (NIDA) na namba ya mlipa kodi (TIN), (2) tuanzishe alama ya "muuzaji aliyethibitishwa" kwa ada ya mwaka, (3) sisi viongozi tushike pesa ya mnunuzi mpaka mzigo ufike.

Naombeni ushauri wenu kabla hatujaamua. Viungo vya Amani vina jina zuri, na watu wachache wanalichafua.

---

Kijana wa Kange

Mkuu, mimi ningeanza na namba moja leo hii. NIDA, TIN, na barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Asiye navyo atoke. Nusu ya matapeli watakimbia wenyewe.

---

Mnunuzi wa Kisauni

Nanunua Tanga kupitia mpaka wa Horohoro, miaka sasa. Naomba nipingane kidogo na Kijana wa Kange. Picha ya kitambulisho haithibitishi kitu. Picha za vitambulisho vya watu zinazunguka kwenye simu kila mahali, na tapeli anayo ya mtu mwingine tayari. Anayekutumia picha ya kadi ya NIDA hajakuonyesha kwamba kadi ni yake.

Mimi naangalia jina linalotokea kabla sijabonyeza kutuma pesa. Likiwa tofauti na la muuzaji, situmi. Atakwambia "hiyo ni laini ya mke wangu", "hiyo ni ya kijana wangu wa dukani". Hapo naaga kwa adabu. Jambo la pili, nataka video ya moja kwa moja, siyo iliyorekodiwa: gunia juu ya mizani, linafunguliwa, mkono unaingia mpaka chini na kutoa ya chini. Juu ya gunia kila mtu anaweka pilipili nzuri.

Na pilipili yenyewe ikinifikia nachota kiganja, naitia kwenye glasi ya maji. Pilipili manga nzuri inazama, mbegu za papai zinaelea.

---

Shehena ya Pwani

Ndugu mwanzisha uzi, nakuomba sana, wazo lako la pili liache. Alama ya kulipia ni hatari kuliko kutokuwa na alama kabisa, na hilo limeshatokea kwenye soko kubwa kuliko lako na langu.

Alibaba.com, soko la jumla la mtandaoni la China, walikuwa na alama yao ya Gold Supplier. Muuzaji analipa ada ya mwaka, anahakikiwa, anapewa alama, na mnunuzi wa nchi nyingine akiiona anatulia. Februari 2011 kampuni yenyewe ilitangaza kwamba maduka 2,326 yenye alama ile yalihusika na utapeli wa wanunuzi katika miaka ya 2009 na 2010. Uchunguzi ukakuta wafanyakazi wa mauzo wapatao 100, pamoja na baadhi ya wasimamizi wao, waliwapitisha matapeli kwa makusudi au kwa uzembe. Mkurugenzi mtendaji David Wei na mkuu wa uendeshaji Elvis Lee wakajiuzulu, ingawa wao wenyewe hawakukutwa na hatia ya kushiriki.

Tazama matapeli wale walivyofanya kazi, maana ndivyo wanavyofanya kwenye kundi lako. Waliuza vifaa vya elektroniki vinavyotafutwa sana, bei ya chini ya kuvutia, kiasi kidogo cha kuagiza, na malipo kwa njia isiyo na ulinzi. Wastani wa madai ulikuwa chini ya dola 1,200. Hela kama hiyo inauma, lakini nani atapanda ndege kwenda China kuidai? Na mama wa Dar, nani atalala Muheza wiki nzima akimtafuta mtu kwa malipo ya awali?

Funzo nililolipata mimi: anayetoa alama akishaanza kula kutokana na alama, jicho lake linalegea. Uthibitisho uwe bure, na anayethibitisha asipate chochote kutokana na idadi ya waliopita. Mkitaka mapato, tozeni kitu kingine.

Wazo lako la tatu ndilo lililoleta nafuu kwa Wachina. Taobao, soko jingine la mtandaoni la kule, ilipoanza 2003 watu hawakuaminiana hata kidogo. Ikaja Alipay: mnunuzi analipa, pesa inashikwa katikati, muuzaji anatuma, mnunuzi akithibitisha amepokea ndipo pesa inatoka. Ila anayeshika awe nani, hapo wataalamu wa sheria waseme.

---

Wakili wa Chumbageni

Nimeitwa, naja.

Pesa msishike ninyi. Huduma za malipo ziko chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, mwenye kutoa leseni ni Benki Kuu. Kiongozi wa kundi anayepokea pesa za watu kwenye laini yake na kuzigawa kwa masharti anajiweka pabaya, hata kama nia yake ni safi. Na mgogoro wa kwanza ukitokea, tapeli atakuwa wewe machoni pa pande zote mbili. Kama mnataka pesa ishikwe katikati, tafuteni benki au mtoa huduma mwenye leseni, mfunge mkataba wa maandishi.

La pili watu hawalijui. Mkianza kukusanya NIDA za wauzaji mnaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mkusanyaji anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda taarifa hizo. Msizihifadhi kwenye simu ya kila kiongozi. Muuzaji mwenye kampuni au jina la biashara, tafuteni jina lake BRELA, wakala wa usajili wa biashara, halafu msibaki na kitambulisho chake bila sababu.

---

Mchumaji wa Zirai

Mmesema sana upande wa wanunuzi, nisikilizeni na mimi muuzaji.

Malipo ya awali hayakuletwa na matapeli. Mkulima wa huku milimani anauza kwa pesa taslimu, mkononi, siku hiyo hiyo. Mimi nikitaka kukusanya tani moja ya pilipili nazunguka kwa wakulima wengi, huyu kilo thelathini, yule kilo kumi. Sina mtaji wa kununua zote halafu nikae nikimsubiri mtu wa Mombasa apokee, akague, athibitishe. Mkisema pesa yote ishikwe mpaka mzigo ufike, mtabaki na matajiri wenye maghala, sisi wakusanyaji wadogo tutatoka. Na matapeli hawatatoka, watahamia kundi jingine.

Tena wapo wanunuzi wanaodhulumu. Mzigo unafika mzuri, anapiga simu anasema umelowa, shusha bei la sivyo naurudisha. Mzigo uko kwake kilomita mia tatu na zaidi, nifanye nini? Nashusha. Mfumo wowote mtakaoweka, ukaguzi ufanyike huku kabla gari haijaondoka, na ukishafanyika uwafunge wote wawili.

---

Ngamiani Mzigo

Mchumaji wa Zirai, asante sana. Hili la mtaji wa mkulima ndilo tulilokuwa hatulioni tukiwa mjini. Sasa ukaguzi wa kule afanye nani ambaye pande zote zitamkubali?

---

Mzee wa Ushirika

Wanangu, salaam. Nimefanya kazi na vyama vya ushirika, nitasema ninachokijua.

Nchi hii ina Sheria ya Stakabadhi za Ghala tangu 2005. Korosho za Mtwara ziliingia kwenye mfumo huo msimu wa 2007/2008. Mkulima anapeleka mzigo kwenye ghala lenye leseni, mwenye ghala anaupima uzito na daraja, anatoa stakabadhi. Kuanzia hapo kinachouzwa ni stakabadhi, na mwenye kuulizwa mzigo uko wapi ni mwenye ghala. Mfumo una malalamiko yake, hasa wakulima kuchelewa kulipwa, silifichi hilo. Lakini utapeli wa kuuza picha hauwezekani, kwa kuwa hakuna stakabadhi ya mzigo usiokuwepo labda mwenye ghala mwenyewe awe mwizi, na huyo ana leseni ya kupoteza.

Kundi lenu ni dogo, hamwezi kufanya yote hayo. Chukueni kiini chake. Tafuteni godauni moja Muheza mjini, lenye mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na mtu mmoja anayelipwa kwa gunia analolikagua, liwe zuri au baya. Anapima uzito, anapima unyevu kwa kipimio, anachota sampuli juu, katikati na chini. Sampuli inafungwa mifuko miwili yenye lakiri na saini, mmoja unasafiri na mzigo, mwingine unabaki godauni. Mnunuzi akisema pilipili ina mbegu za papai, mfuko uliobaki unafunguliwa mbele ya mashahidi. Ikikutwa safi, analipa bei waliyopatana.

Na malipo ya awali yabaki, ila yatoke mzigo ukiwa umeshaingia godauni, siyo ukiwa bado kwenye picha. Mkusanyaji akileta magunia matano ya kwanza, anapewa malipo ya matano, anarudi mlimani kukusanya mengine. Kwa njia hiyo Mchumaji wa Zirai hakwami, na mnunuzi hajalipia hewa.

---

Mchumaji wa Zirai

Hilo la kulipwa kwa mafungu mzigo ukiingia, mzee wangu, mimi nalikubali hata kesho.

---

Shehena ya Pwani

Mzee kamaliza kwenye mzigo. Naongeza kuhusu yule wa aina ya tatu, aliyejenga sifa kwa mizigo midogo. Sifa zisihesabiwe kwa idadi ya mizigo, ziangaliwe kwa thamani. Aliyeuza mara nyingi kilo ishirini ishirini ameonyesha kwamba anaaminika kwa kilo ishirini, basi. Wekeni ukomo: asipokee oda mpya inayozidi, tuseme, mara mbili ya mzigo mkubwa kuliko yote aliowahi kuukamilisha. Na oda zake zote ambazo hazijafika zionekane hadharani kwenye kundi. Yule mtu aliweza kukusanya kwa wanunuzi kadhaa kwa sababu kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Pia fungeni mwanya wa "njoo inbox nikupe bei nzuri". Hata kwenye masoko makubwa, ukilipa nje ya mfumo wao ulinzi unaishia hapo hapo, na matapeli wanalijua hilo.

---

Wakili wa Chumbageni

Kwa walioibiwa tayari: msifute meseji hata moja. Chukueni kumbukumbu za muamala, nendeni polisi mkafungue jalada. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusika, hili siyo deni la kawaida kama wengine wanavyoambiwa pale kaunta. Meseji za kitapeli na namba zilizozituma zitumwe 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na mwambieni mama wa Dar aandike kila kitu leo, tarehe na majina yaliyotokea kwenye simu, kabla kumbukumbu hazijachanganyika.

---

Ngamiani Mzigo

Nimesoma yote na wenzangu tumekaa jioni hii. Alama ya kulipia tumeifuta. Pesa hatutashika. Ukomo wa oda na orodha ya wazi ya oda tunaanza nazo mara moja, maana hazihitaji mtaji. NIDA hatutakusanya, tutabaki na jina kulingana kwenye malipo na video ya moja kwa moja mpaka godauni lipatikane.

Mama wa Dar nimeshampelekea maneno ya Wakili.

Kilichobaki ni huyu mkaguzi. Mzee wa Ushirika, alipwe na nani? Wanunuzi wanasema muuzaji alipe, wauzaji wanasema mnunuzi.

---

Mzee wa Ushirika

Nusu kwa nusu, kwa kila gunia, na ilipwe kabla hajakagua ili asije akasubiri matokeo ndipo alipwe. Msichague mtu mwenye shamba la viungo wala mwenye ndugu dalali. Na mbadilisheni baada ya msimu hata kama amefanya vizuri. Nikija Muheza wiki ijayo nitapita kuangalia magodauni mawili ninayoyafahamu karibu na stendi, nitakupigia.