Jumamosi moja Mombasa: Fort Jesus na Mji wa Kale ama Haller Park?

mgeni_nakuru: Wadau mambo. Tunashuka na treni ya SGR Ijumaa jioni, mimi, mamangu ambaye goti linamsumbua, na watoto wawili wa miaka 6 na 9. Jumapili asubuhi tunarudi so ya kuzunguka ni Jumamosi peke yake. Twende ngome ya Fort Jesus na Mji wa Kale ama kuona wanyama Haller Park? Bichi tutaenda hata kama ni usiku, hiyo msinishauri 😂

kibokoni_damu: Fort Jesus, hata si swali. Mreno aliijenga 1593 mpaka 1596, Waomani wakaja kuizingira 1696 na ikawachukua karibu miaka 3 kuingia, kisha Mwingereza akaigeuza jela. Ndani kuna makumbusho, kuna mpaka vitu vilivyoopolewa kwenye meli ya Kireno iliyozama hapo mbele 1697. Ukitoka tu uko Mji wa Kale, milango ya nakshi, Msikiti wa Mandhry, vichochoro vina upepo, unakunywa kahawa chungu na halua unatulia.

mama_wa_watatu: Kibokoni wavutia kwenu lakini goti hukulisoma? Fort ina ngazi na jua la saa sita pale uwanjani halina utani, wangu mdogo dakika 20 tu akaanza "twaenda nyumbani saa ngapi". Haller njia ni tambarare na kivuli cha mivinje, twiga wanakula kwenye kiganja chako. Na pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha simiti, jangwa kabisa, mpaka Rene Haller alipoanza kupanda miti 1971. Wasimulie watoto habari ya Owen, kiboko mchanga aliyepotezana na wenzake wakati wa tsunami ya 2004 akaja kung'ang'ania kobe mkubwa aitwaye Mzee, watakusumbua na hiyo stori mpaka Nakuru.

tuktuk_wa_tudor: Mwabishana bure. Fort saa mbili asubuhi jua halijakaza, mama abaki chini kivulini nyinyi mpande, saa nne mmemaliza. Mpumzike, saa tisa mko Haller kule Bamburi, lakini kurudi kisiwani jioni foleni ya daraja la Nyali mtaijua. Zile Pembe za Moi Avenue piga picha ukiwa ndani ya tuktuk yatosha, ni bati zile si ndovu. Mimi ningekuwa na mzee ningeacha moja nikampeleke bustani ya Mama Ngina kando ya bahari jioni, akae chini ya mbuyu ale mihogo, meli za Kilindini zinapita karibu mpaka unaona mabaharia.

mgeni_nakuru: Na feri ya Likoni? Huyu wa 6 anataka feri tu.

tuktuk_wa_tudor: Kwa miguu ni bure, vukeni mrudi. Shikeni watoto mkono, kuna msongamano.

mgeni_nakuru: Basi Haller, feri, halafu Mama Ngina. Kibokoni pole sana. Nimemsomea mamangu hizi zote, ameuliza tu hiyo mihogo inawekwa pilipili?

kibokoni_damu: Pilipili na ndimu. Kama hataki aseme mapema, huyo muuzaji hangoji.