Toyota inaongoza au imeachwa kwenye umeme? Aqua au Leaf kwa milima yetu?

Kijana wa Uyole

Salaam wakuu. Naomba mchango wa wenye uelewa, maana kijiweni hapa mjadala hauishi.

Kuna wanaosema Toyota ndiyo baba wa haya mambo, kwamba Prius, gari lao la haibridi (injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja), ilianza kuuzwa Desemba 1997 kampuni nyingine zikiwa hata hazijawaza. Wengine wanasema hiyo ni historia: BYD ya China na Tesla ya Marekani wameshaondoka na soko, Toyota imebaki kuuza jina.

Nauliza kwa sababu ya kununua. Gari ni la Mbeya–Tukuyu–Kyela kila wiki na mara mojamoja Iringa, watu wawili na mzigo wa kilo 100 hivi. Nachagua kati ya Toyota Aqua ya 2013, ambayo ni haibridi, na Nissan Leaf ya umeme mtupu, betri ya uniti (kWh) 24, ya miaka hiyohiyo. Kama Toyota kweli imeachwa, kuna maana gani ya kununua haibridi yake leo?

Betri_Makambako

Mkuu, kwenye umeme mtupu imeachwa, na takwimu zinasema hivyo. Mwaka 2023 BYD iliuza magari ya umeme mtupu kama milioni 1.57. Toyota pamoja na Lexus waliuza kama 104,000, ilhali kundi zima la Toyota linatoa magari zaidi ya milioni 10 kwa mwaka. Hiyo ni kama gari moja katika mia.

Halafu angalia mwenendo wenyewe. Mwaka 2010 Toyota iliweka dola milioni 50 Tesla, na RAV4 ya umeme ya 2012 ikatumia mfumo wa Tesla. Badala ya kujifunza hapo na kusonga, ikaelekeza nguvu kwenye hidrojeni: Mirai ikatoka Desemba 2014, na matangi yake yanahitaji gesi iliyogandamizwa hadi bar 700. Mtandao wa vituo vya namna hiyo haujasambaa hata kwenye nchi tajiri. Bz4X, gari lao kubwa la kwanza la umeme kwa soko la dunia, lilitoka 2022, na Juni mwaka huohuo likarudishwa kwa sababu boliti za magurudumu zilikuwa zinaweza kulegea gari likitembea. Boliti za magurudumu, kwa kampuni yenye sifa ya Toyota!

Na hili ndilo linaloumiza zaidi: bz3, gari la umeme la Toyota kwa soko la China, linatumia betri na mota za BYD. Mwenye teknolojia hanunui moyo wa gari kwa mshindani.

Fundi wa Ipogolo

Kamwene wadau. Betri_Makambako, takwimu zako nazikubali, ila umejibu nusu ya swali. Teknolojia ya gari la umeme ina sehemu tatu: betri, mota na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota), na akili ya kugawa nguvu. Kwenye kemia ya betri Toyota iko nyuma, sibishi. Kwenye hizo nyingine mbili, nionyeshe nani amezifanyia kazi miaka mingi kuliko yeye.

Fungua gia boksi ya Aqua uone. Hakuna mkanda wa CVT wala klachi, hakuna stata, hakuna oltaneta. Kuna gia za sayari: injini imeshika kibebeo cha gia ndogo, mota ya kwanza imeshika gia ya katikati, mota ya pili inakwenda magurudumuni pamoja na gia ya nje. Kompyuta ikibadilisha mzunguko wa mota ya kwanza, uwiano wa gia unabadilika bila kitu chochote kuteleza. Ndiyo maana hizi gia boksi zinakufa kwa nadra sana, na nyingi zinazokufa zimeuliwa na mafuta yasiyo yake au maji yaliyoingia. Aprili 2019 Toyota ilifungua hataza karibu 24,000 za mambo ya umeme wa magari, bila malipo, hadi 2030. Aliye nyuma hana cha kugawa.

Kijana wa Uyole, kuhusu milima, elewa kwanza ukubwa wa betri ya Aqua. Ni nikeli, vipande 20 vya volti 7.2, jumla volti 144, na ujazo wake haufiki uniti moja: ni kama 0.94. Kompyuta haikuruhusu kuitumia yote, inacheza kati ya asilimia 40 na 80, kwa hiyo unayotumia kweli ni kama uniti 0.37. Sasa piga hesabu ya mteremko. Aqua na abiria na mzigo ni kilo 1,400 hivi. Kila mita 100 unazoshuka kwa wima, uzito huo unaachia uniti 0.38. Toa msuguano wa matairi, upepo na kinachopotea njiani, inayofika kwenye betri ni kama 0.2. Ina maana ukianza kuteremka mlima Kitonga betri ikiwa nusu ya nafasi hiyo, mita mia tu za mwanzo za wima zinaijaza. Mteremko wote uliobaki hauna pa kuweka umeme.

Hapo ndipo watu wanapotishika. Betri ikijaa, kompyuta inachukua umeme unaotoka magurudumuni na kuizungushia injini bila kuchoma mafuta, ili injini ishike gari. Injini inapiga kelele hadi abiria wanauliza kama gia imeharibika. Haijaharibika, hivyo ndivyo ilivyoundwa. Kosa ni dereva kutoka B (gia ya mteremko) na kurudi kwenye D ili kelele iishe, kisha ashuke kwa breki za kawaida hadi pedi zinukie. Weka B tangu juu, kabla mteremko haujakolea, na usiiondoe mpaka chini. Na B haina kazi barabara tambarare, inakula mafuta bure.

Nuru ya Isyesye

Fundi, kwenye ufundi upo sahihi, lakini hiyo hesabu yako ndiyo inayoonyesha kwa nini haibridi imefika mwisho wa njia. Gari linaachia uniti za bure mlimani na betri haina pa kuziweka! Leaf ya uniti 24 inameza mteremko wote wa Kitonga bila kusikika, ilimradi hukuijaza hadi 100 kabla ya kushuka. Anayeishi juu ajaze hadi 80, gari lipate nafasi ya kupokea.

Tena huku juu injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mbeya mjini ni mita 1,700. Mota haijui mwinuko.

Toyota wenyewe wana hoja yao wanaiita moja kwa sita kwa tisini: malighafi ya betri ya gari moja la umeme la masafa marefu inatosha haibridi sita za kuchomeka au haibridi 90 za kawaida. Ni hoja nzuri wakati madini ni haba. Ila betri za LFP, za lithiamu, chuma na fosfati, hazitumii kobalti wala nikeli, na BYD amezijengea kampuni nzima. Machi 2022 aliacha kabisa kutengeneza gari la mafuta matupu. Huyo ndiye anayeongoza.

Pamoja na hayo, kwa safari zako ndugu yangu Leaf hiyo sikushauri. Mbeya hadi Kyela ni karibu kilomita 130, na Kyela iko karibu na usawa wa Ziwa Nyasa, mita 500 hivi. Kurudi unapanda mita 1,200. Gari na mzigo ni kilo 1,700, kupanda peke yake kunakula uniti 5.6 kwenye magurudumu, sawa na 6.3 kutoka kwenye betri. Ongeza 0.15 kwa kila kilomita, hiyo ni 19.5. Jumla karibu 26, kabla hata ya kuhesabu kwamba milima ya Uporoto inakupandisha juu zaidi ya Mbeya ndipo ikushushe. Leaf hiyo ikiwa mpya ilitoa kama 21. Ya 2013 leo ina 15 au chini. Lazima ulale Tukuyu ukichaji.

Kwa anayezunguka Mbeya mjini, Mbalizi, Uyole na kurudi, habari ni nyingine. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji, joto ndilo linaloiua, na baridi yetu inaitunza kuliko Dar. Ukiikagua hesabu vibao vya ujazo pembeni ya kipimo cha chaji: vipo 12, cha kwanza kikipotea betri imepungua kama asilimia 15, kila kinachofuata ni 6.25. Vikibaki tisa upo kwenye 72 hivi. Usiamini vibao peke yake, wapo wauzaji wanaovirudisha kwa kompyuta. Chomeka kifaa cha OBD (cha kusomea kompyuta ya gari), soma kwa programu ya LeafSpy, na tembea nayo kilomita 20 kabla ya kulipa.

Kijana wa Uyole

Asanteni sana, mmenifungua macho. Basi Leaf naiacha kwa hii njia ya Kyela. Fundi wa Ipogolo, naomba unielekeze: Aqua ya 2013 ikishushwa bandarini, betri yake nitaijuaje kama nzima? Na nikisikia fundi anasema ananibadilishia "seli moja tu", nikubali?

Fundi wa Ipogolo

Kagua kwa kompyuta kabla ya kufungua chochote. Gari likiwa limetulia, tofauti ya volti kati ya kundi la seli na jingine isizidi 0.3. Kisha lipandishe kilima kikali, mguu ukiwa umekandamiza, huku mwenzako anasoma. Ukiona kundi moja linaporomoka volti nzima chini ya mengine, kuna kipande kinakufa na msimbo P0A80 (wa kwamba betri ya haibridi imechoka) uko njiani, hata kama leo taa haijawaka. Angalia pia kama misimbo imefutwa muda si mrefu. Muuzaji akikataa gari kupanda kilima, ondoka.

Halafu inama pembeni ya kiti cha nyuma, pale chini, utaona tundu la hewa lenye chujio. Hilo ndilo pua la betri. Gari likishatembea njia za vumbi za Chunya au Mbarali, chujio linaziba, feni inahangaika, betri inachemka, na vipande vya katikati ndivyo vinavyokufa kwanza kwa sababu vimebanwa na wenzao pande zote. Wengi wanaweka gunia la mchele au nguo palepale na kulifunika kabisa. Safisha chujio kila miezi mitatu kama unatembea vumbini. Kazi ya dakika kumi inayookoa betri nzima.

Seli moja tu, usikubali kirahisi. Kipande kipya au kilichotolewa gari jingine hakilingani ujazo na 19 vilivyochoka, kwa hiyo baada ya miezi michache kinachofuata kwa udhaifu kinaanguka, unarudi tena gereji. Ikibidi, vyote 20 vipimwe kimoja kimoja: volti ikiwa imetulia, kisha kila kimoja kiwashe taa ya wati 55 kwa dakika mbili na uandike kimeshuka kiasi gani. Vinavyoshuka sana kuliko wenzao vitoke vyote kwa mpigo, vilivyobaki vichajiwe kwa usawa ndipo vifungwe. Vipande vya shaba vinavyounganisha visafishwe kutu, na nati zake zikazwe kwa nyutoni-mita 5.4, si zaidi. Ukikaza kwa nguvu za mkono uzi unakatika na kipande kizima unakitupa.

Na fundi asiyekuwa na glavu za mpira za volti 1,000 asiguse. Aanze na hasi ya betri ndogo ya volti 12, achomoe plagi ya chungwa aiweke mfukoni mwake ili mwingine asiirudishe, angoje dakika 10 kapasita za inveta ziishiwe, ndipo apime kwa mita kuhakikisha ni sifuri. Inveta ya Aqua inapandisha zile 144 hadi 520. Huo umeme hauachii mtu.

Betri_Makambako

Naongezea kwenye inveta, kwa faida ya anayefikiria Prius badala ya Aqua. Februari 2014 Toyota iliita Prius za kizazi cha tatu kama milioni 1.9 duniani, kwa sababu programu ya kupandisha volti ilikuwa inachemsha transista mzigo ukiwa mkubwa. Dawa iliyotolewa ilikuwa kubadili programu. Kama gari lilitengenezwa kabla ya hapo, hakikisha kwa namba ya chasisi kwamba lilifanyiwa, maana mzigo mkubwa ndiyo maisha ya kila siku ya kupanda Kitonga au Uporoto. Maji ya inveta nayo yana tungi lake tofauti na la injini, yakipungua usiongeze ya bomba.

Nuru ya Isyesye, tuko pamoja kwa BYD. Nabaki na shaka moja kwa Fundi: Oktoba 2023 Toyota na Idemitsu walitangaza betri ya elektroliti yabisi (isiyo na kimiminika ndani) kwa 2027 au 2028. Ikitoka kwa muda na kwa bei ya watu, nitabadili msimamo wangu. Mpaka sasa ni ahadi.

Fundi wa Ipogolo

Hapo sikupingi. Ila ujue wakati wa kungoja hiyo hawakukaa bure: Aqua mpya ya 2021 ina betri ya nikeli ya muundo wa bipola, ya kwanza kuendesha gari duniani, sahani moja ina chanya upande huu na hasi upande ule. Umeme unapita njia fupi, betri inatoa na kupokea nguvu kubwa kwa mkupuo kuliko ile ya zamani. Kijana wa Uyole, hiyo ikianza kushuka bei kwa mtumba, iangalie kabla ya ile ya 2013. Na ushuru wa uchakavu unapungua pia.