Waliolala garini pwani ya Unguja na Pemba, mtu na mwenzake: tupeane uzoefu

Mchangani:
Assalamu alaykum wanajamvi. Mtandaoni naona Wazungu wanazunguka pwani za kwao na magari yenye kitanda na jiko ndani, mke na mume, wanalala popote bahari inapowapendeza. Mimi na mke wangu tumeyafanya hapa hapa Unguja. Tulichukua Noah ya shemeji, tukang'oa viti vya nyuma, tukatia godoro, jiko la gesi la mtungi mdogo na madumu ya maji. Mapazia yalikuwa kanga za mke wangu. Maandishi yake kayachagua mwenyewe, siyataji hapa.

Tulipitia Tunguu, tukakata Jozani polepole. Pale kuna matuta kwa ajili ya kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja peke yake na hana habari na magari. Paje tukapinda kulia: Jambiani, Makunduchi, hadi Kizimkazi. Kisiwa kizima hakifiki kilomita 90 kwa urefu, kwa hiyo mwenye haraka atajikuta karudi mjini Darajani kabla ya adhuhuri. Simameni. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani peke yake una maandishi ya mwaka 1107, na watu wanaupita mbio kwenda kutazama pomboo.

Kitu kikubwa lakini ni sheha, mkuu wa serikali wa pale kijijini. Kila tulipotaka kulala, kabla ya magharibi tulitafuta nyumba yake, tukasalimia, tukajieleza. Mmoja aliomba cheti cha ndoa. Tulikuwa nacho kwenye bahasha. Akakisoma chote, akakirudisha, kisha akakataa tusilale ufukweni, ati mgeni wake halali nje kama hana wenyewe. Tukaegesha uani kwake, na chakula cha usiku kikaletwa na mkewe: wali wa nazi na pweza. Jiko letu la gesi usiku ule halikuwashwa.

Asubuhi maji yamekupwa, kina mama wanashuka kwenye mwani. Mmoja akamuuliza mke wangu, "Mwanangu, kwani hamna nyumba?" Akajibu, "Tunayo, ila ina watoto." Walicheka mpaka wakaweka viroba chini.

Haya, na nyie leteni yenu.

Dau la Matemwe:
Umesema vizuri kaka, ila hujagusa maji, na maji ndiyo mwenye pwani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, upande wetu wa mashariki bahari inarudi mpaka kwenye mwamba, mgeni anaona uwanja mkubwa mkavu anadhani kapewa. Bamvua hilo hilo maji hujaa karibu na saa kumi alasiri, na tena karibu na saa kumi alfajiri, wakati mwenye gari yuko ndotoni. Mwaka juzi tulivuta gari ya vijana fulani kwa kamba ya dema na watu wa ngalawa mbili. Injini ilishakunywa.

Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo usitumie saa ya jana. Njia rahisi ni kutazama mstari wa majani makavu na takataka mchangani. Huo ndio mpaka. Egesha juu yake, penye mchanga wenye majani ya pwani, na usisogelee ngalawa zilizopandishwa, wenyewe watazihitaji usiku. Na penye mwani umeanikwa usiegeshe kabisa. Hiyo ni mishahara ya watu.

Shemeji wa Fuoni:
Joto. Hakuna aliyetaja joto! Upepo wa kaskazi unapokata Februari na Machi, garini hapalaliki, ukifungua dirisha mbu, ukifunga unaiva. Nendeni wakati wa kusi, Juni mpaka Septemba, egesheni pua ya gari kwenye upepo na mfunge chandarua mlango wa nyuma. Masika musithubutu.

Ummu Nassir:
Ngojeni niwaeleze ya Pemba, maana nyie Waunguja mnadhani pwani inaishia Nungwi.

Sisi tulivusha gari kwa meli mpaka Mkoani, Hiace ya mume wangu anayobebea samani, tukapanda taratibu kwenda Chake, Wete, Konde. Pemba haina ule ufukwe mmoja mrefu unaoufuata kwa barabara. Barabara inapita juu vilimani kati ya mikarafuu, bahari unaiona kwa mbali chini, halafu inajificha. Kila ukitaka maji lazima uteremke njia ya udongo, na kila njia ina mtihani wake.

Tulikwenda msimu wa karafuu. Kila kijiji majamvi yametandikwa pembeni ya barabara, harufu imeingia mpaka kwenye mito yetu. Sasa hebu fikirieni: gari ya mizigo, mapazia yamefungwa, saa tatu usiku, inaelekea pwani, msimu wa karafuu. Tulisimamishwa. Askari akamuuliza mume wangu, "Umebeba nini?" Akasema, "Mke." Jibu hilo halikusaidia. Godoro lilishushwa, madumu yakanuswa, unga ukafunguliwa, wakitafuta karafuu za magendo. Wakakuta sufuria ya mchuzi wa changu. Mwishowe mkubwa wao akatuuliza kwa upole kabisa kama nyumbani kuna ugomvi, tusaidiwe.

Tangu hapo tulitembea mchana tu, mapazia wazi.

Lakini kaskazini, wallahi. Unaingia msitu wa Ngezi, barabara inapita ndani yake, kiza mchana kweupe, popo wa Pemba wananing'inia juu. Ukitoka upande wa pili ni Vumawimbi, mchanga mweupe na hakuna mtu. Mbele zaidi Ras Kigomasha kuna mnara wa taa wa chuma wa mwaka 1900. Mume wangu ni mtu wa maneno mengi, ufukweni pale alikaa kimya toka alasiri mpaka magharibi. Nilimwuliza kama anaumwa.

Jazeni mafuta Chake au Wete kabla ya kwenda huko.

Mgeni wa Mbeya:
Asanteni. Sisi ni wachumba, ndoa Desemba. Tunaweza kuja kulala garini kabla?

Mchangani:
Mdogo wangu, njooni baada ya Desemba.

Ummu Nassir:
Na cheti mkibebe. Mkija kabla, mwanamke alale kwa ndugu au nyumba ya wageni chumba chake, mchana mzunguke pamoja, hakuna atakayewauliza.

Mgeni wa Mbeya:
Sawa dada. Na choo mlikuwa mnafanyaje?

Dau la Matemwe:
Msikitini kwa wanaume, hakuna tabu. Kina mama wabishe hodi nyumba yoyote ya kijijini wakiwa wamejistiri, hawakataliwi. Ila vichakani hapana, huko kuna makaburi ya wazee wetu na huyajui.