Vijana wa kujitolea kufundisha, Makorora: mnawapangaje?

Bi Chaki:
Wakuu, heshima zenu. Mimi ndiye ninayewapanga vijana wanaojitolea kuwasomesha watoto wa darasa la 7 hapa Makorora, Tanga. Hatutozi hata senti. Tunaanza saa 10:30, watoto wakishatoka chuoni (madrasa), maana ukigombania muda na maalim umeshindwa kabla hujaanza.

Orodha yangu ina vijana 14. Ukiuliza kwenye grupu "kesho nani yupo?", vidole gumba vinamiminika. Jumanne iliyopita walikuja 3, watoto 41.

Hilo nimelizoea. Kilichoniuma ni hiki. Kuna binti alikuwa anajumlisha 3/4 na 1/6. Kijana wa Jumatatu aliwafundisha kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika), binti akapata 11/12. Jumatano kaja mwingine na yake: zidisha asili kwa asili, basi. Jibu 22/24. Mtoto akajua la Jumatatu alikosea, akalifuta kwa kidole chenye mate mpaka karatasi ikatoboka. Kisha ananiuliza, "Bi, leo tunafuata ya kaka au ya dada?" Yote mawili ni sahihi, la pili halijarahisishwa tu, ila hakuna aliyemwambia. Vijana wenyewe hawakutani. Mnawaunganishaje?

Zamu ya Usiku:
Pole dada. Mimi ni muuguzi, na wodini hatoki mtu bila kukabidhi. Nunua kaunta buku moja, ikae hapo hapo, asiende nayo mtu kwao. Anayemaliza aandike mistari mitatu: nimefundisha nini, kwa njia ipi, nani kakwama. Anayeingia aisome kwanza ndipo ashike chaki. Na aliyekwama atajwe kwa jina. "Baadhi hawajaelewa" usiikubali, hiyo haimsaidii mtu.

Mtoro Mstaafu:
Mimi nilikuwa mmoja wa hao wa kidole gumba 😂 Natoka Pongwe kwa nauli yangu, nikifika nakuta siku hiyo tumejaa, tuko 9 kwa watoto 12. Nakaa kwenye benchi kama mgeni wa msiba. Wiki ya tatu nikaacha, na kuaga nikaona haya.

Usiulize grupu zima, mpigie mtu mmoja mmoja. Mpe siku yake na watoto wake 5 awajue kwa majina. Grupu unalitoroka tu, lakini mtoto atakuja kukuuliza njiani, "kaka, mbona hukuja?"

Baba Mapacha, Duga:
Angalia na kalenda, dada. Wa kidato cha 4 wakimaliza Novemba wako huru mpaka kidato cha 5 kifunguliwe Julai. Basi wanakuaga Julai, na mtihani wa darasa la 7 ni Septemba! Hapo ndipo unapobaki peke yako. Waliomaliza kidato cha 6 usiwategemee sana, wengi wanakuwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Wa vyuo vikuu watakaorudi likizo ndefu waweke sawa mapema, tangu mwezi wa 6.

Jingine: mlango ubaki wazi, na mwenyekiti wa mtaa awajue vijana wote kwa sura. Sisi wazazi hatusemi, lakini tunachungulia.

Bi Chaki:
Ahsanteni sana. Kaunta buku nimeshanunua, ya kwaya 2. Leo kijana wa kwanza kaandika: "Tumesoma vizuri." Nimemrudishia na kalamu.