Cattleya ina michirizi kwenye ua, Phalaenopsis ina vishimo kwenye majani: ni virusi?

MauaArusha: Habari wakuu. Nafuga okidi. Cattleya yangu ya zambarau imefungua maua mawili na rangi haikukaa sawa: michirizi iliyokolea hapa, pameparara pale, na petali moja imejikunja. Majani machanga hayana kitu, ila ya zamani yana mistari myeusi iliyodidimia upande wa chini. Meza hiyohiyo kuna okidi nyingine, Phalaenopsis tatu, zenye vishimo vya kahawia upande wa juu wa majani. Natumia mkasi mmoja kwa mimea yote, naufuta kwa spiriti. Je, hivi ni virusi? Kuna dawa? Nichome meza nzima?

Mzee_wa_Vyungu: Weka huo mkasi chini kwanza, maana una hatari kuliko madoa yenyewe. Virusi vinavyosumbua zaidi okidi za kufugwa ni viwili: cha mozeki ya Cymbidium (CymMV) na cha madoa-pete ya Odontoglossum (ORSV). Havijulikani kubebwa na wadudu. Vinasafiri ndani ya utomvu, yaani kwa mkasi, wembe, vidole na vyungu vilivyotumika. ORSV ni jamaa wa virusi vya mozeki ya tumbaku: ganda lake ni gumu, kinavumilia kukauka, na kufuta kwa spiriti hakukimalizi. Ukikata shina la ua kwa mmea mgonjwa kisha ukaenda kwa wa pili, umeshapanda ugonjwa.

Dawa ya kuponya mmea hakuna. Anayekuuzia dawa ya ukungu, dawa ya kopa (shaba) au unga wa mdalasini kwa ajili ya virusi anakula hela yako tu.

Kuhusu Cattleya, nina wasiwasi nayo. Kuna aina ambazo kwa asili petali zina mabaka, lakini hayo hukaa kwa mpangilio, kushoto kama kulia, na kila ua linafanana na mwenzake. Ya virusi huenda ovyo. Linganisha maua yako mawili: yakitofautiana, itenge leo hii. CymMV nacho kina tabia yake kwenye Cattleya: ua hufunguka zuri kabisa, halafu baada ya wiki moja hivi linatoka madoa ya kahawia.

Kijani Tupu: Naunga mkono kuhusu Cattleya, ila hizo Phalaenopsis usizihukumu haraka. Vishimo upande wa juu wa jani mara nyingi ni baridi. Maji ya tenki lililolala nje usiku wa Julai ukiyamwaga juu ya jani lenye joto, seli za ndani zinakufa, jani linabonyea, kisha panageuka kahawia. Majani machanga yanaumia zaidi, na alama huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye, ndiyo maana watu hawaunganishi mambo. Angalia: kama madoa yako kwenye majani ya rika moja tu na jani lililofuata ni safi, shuku baridi. Mwagilia kwa maji yaliyokaribia joto la banda, asubuhi.

Pia chukua lenzi ya kukuza mara 10 ukague chini ya majani. Kuna utitiri bapa mwekundu, Brevipalpus, usiofuma utando. Wenyewe huacha vidoa vya fedha na kahawia, na ndio unaoeneza kirusi cha tatu, cha vidoadoa vya okidi. Ukiuona, nyunyiza dawa ya utitiri kama abamectin kwa kipimo cha kwenye lebo, chini ya majani hasa, na urudie kadiri lebo inavyoelekeza. Dawa ya wadudu ya kawaida haiugusi.

Lab_Tengeru: Kwa macho hakuna anayeweza kuapa. Okidi nyingi zina CymMV bila alama yoyote. Agiza vipimo vya ukanda vinavyosoma CymMV na ORSV pamoja. Kata kipande cha jani lililokomaa (si linalokufa), gramu 0.15 hivi, sawa na sentimita 2 hadi 3 za mraba; la Cattleya ni nene, hivyo kidogo kinatosha. Kitie kwenye mfuko wa maji ya kipimo uliokuja nacho, kisage kwa kitako cha kalamu mpaka utomvu utoke, kisha simamisha ukanda, ncha iingie nusu sentimita tu. Soma ndani ya dakika 30. Mstari wa udhibiti (unaoonyesha kuwa ukanda wenyewe umefanya kazi) usipotokea, kipimo hicho hakihesabiki.

Watu hukosea kwa kujaza jani jingi. Utomvu mzito unaziba ukanda, mistari haitoki. La pili: mmea ulioambukizwa karibuni unaweza kusoma safi kwa sababu virusi havijaenea mwilini. Rudia baada ya miezi michache. Na ukanda huo hauoni kirusi cha utitiri.

MauaArusha: Asanteni sana. Basi mkasi niuloweke kwenye Jiki? Nimesoma sehemu moja kwa tisa.

Lab_Tengeru: Hiyo tisa ni ya Jiki kali ya asilimia 5 hadi 6. Chupa nyingi za dukani kwetu ni asilimia 3.5, hivyo weka sehemu moja kwa tano za maji. Osha mkasi kwa sabuni kwanza, kwa kuwa utomvu unaimaliza klorini kabla haijafanya kazi. Loweka dakika 10, suuza, kausha, paka mafuta maana Jiki inakula chuma. Changanya mpya kila siku, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya usafi.

Mzee_wa_Vyungu: Mimi ningeachana na mkasi kabisa. Wembe mpya kwa kila mmea, ukimaliza tupa. Ni bei rahisi kuliko okidi yoyote. Vyungu vya plastiki loweka kwenye hiyo Jiki. Vya udongo vinanyonya utomvu, usivirudie. Magome ya miti ya zamani uliyopandia yatupwe, na usizamishe vyungu vyote kwenye karai moja la maji.

Cattleya ikisoma ndiyo, choma mmea, usigawe vipande: kila kipande kitakuwa kigonjwa. Kama ni ya thamani, kuna njia ya mbegu. Mbegu kavu za tunda lililokomaa likapasuka kwa kawaida hazibebi virusi hivi viwili, ila lazima zisafishwe kwa Jiki na kuoteshwa maabara, na miche haitafanana na mama yake. Zilizokuwa meza moja nayo zipime zote, uanze na zile zilizokatwa siku moja.