Ushauri: inoksi 316L na chuma cha kawaida, kiungo kinapasuka

Sudere wa Katuba
Jambo yenu wakubwa. Niko Lubumbashi. Nimepewa kazi ya kuunga bomba la asidi la inoksi 316L (chuma kisichoshika kutu) na bridi, ile sahani ya kufungia bomba kwa bolti, ya chuma cha kawaida, unene milimita 6. Vipande viwili vya majaribio vimepasuka katikati ya mshono vilipopoa. Nilitumia bageti (fimbo ya kuungia) 7018, ile ya kila siku ya chuma cha kawaida. Mteja anataka kiungo kipimwe, nami sitaki mtu aungue kwa asidi kwa mkono wangu. Nifanye nini?

Fundi Kampemba
Mdogo wangu, kosa ni bageti. 7018 haina kromu wala nikeli ya maana. Inaokota kidogo tu kutoka kwenye inoksi, na mshono ukipoa unakuwa martensaiti, yaani chuma kigumu na chepesi kupasuka. Chukua bageti ya inoksi 309L: kromu karibu asilimia 23, nikeli 12 hivi. Hata ikichanganyika na chuma cha kawaida inabaki inoksi. 308L, bageti ya kuunga inoksi kwa inoksi, haitoshi hapo. Ampea ziwe chini, mistari myembamba, na usipitishe mstari mwingine kabla kipande hakijashuka chini ya nyuzi 150 za Selsiasi. Na tafadhali, diski iliyosaga chuma cha kawaida isiguse inoksi, italeta kutu.

Mkaguzi Likasi
Usipime kwa unga wa sumaku, ule unaojikusanya penye ufa. 316L haishiki sumaku, na pale metali mbili zinapokutana utaona mstari usio ufa. Fanya resuaji, kipimo cha rangi inayopenya kwenye ufa: safisha, puliza rangi nyekundu, ngoja dakika 10 au zaidi, futa kwa kitambaa, kisha puliza poda nyeupe. Ufa utajichora wenyewe. Lakini hiyo inaona ya juu tu. Kata kipande ukipinde nyuzi 180, mshono ukifuata urefu wa kipande. Ukiuweka kukingama, upande laini utapinda peke yake na hutajua kitu.

Tekinisia Kolwezi
Ndugu, umetaja asidi. Hata mshono uwe mzuri namna gani, asidi itaila ile bridi. Unga kole (pete yenye ukingo ya mwisho wa bomba) ya 316L kwenye bomba kwa bageti ya 316L, halafu bridi ya chuma izunguke nyuma ya kole bila kuguswa na asidi.

Sudere wa Katuba
Aksanti sana. Ni asidi ya salfuriki kweli, ya kuyeyushia shaba. Nampigia mteja leo kuhusu kole. Vishikio vya bomba ni chuma cha kawaida, hapo natumia 309L. Ijumaa napinda kipande, nitaleta picha.