Nimechoka kukata vikaratasi vya bei kwa mkasi. Wenzangu wa shorumu mnafanyaje?

Mkasi_na_Gundi

Wakuu, habari zenu.

Mimi ndiye "mtu wa kompyuta" kwenye shorumu ya samani na vyombo vya umeme. Kazi yenyewe ni kuchapa bei, kuzikata kwa mkasi na kuzunguka sakafu nzima nikizichomeka kwenye vishikio vya plastiki. Bidhaa zilizo mbele ya wateja ni kama 600. Natoa faili kwenye programu ya mauzo, nalifungua kwenye Excel, nalipeleka Word itengeneze lebo, halafu nachapa zote, hata ambazo bei yake haijaguswa. Bei zikibadilika jioni, kesho yake nafika kabla ya wafagiaji.

Kilichonileta ni kisa cha wiki iliyopita. Mteja kasoma bei kwenye friji, kaenda kaunta, keshia kaskani, ikatoka bei ya juu zaidi. Nikaitwa mbio. Kuangalia, lebo haina kosa lolote, ila ni ya friji ya pembeni. Mtu alifuta vumbi, akachomoa lebo mbili, akazirudisha kinyume. Friji zote nyeupe, tofauti ni mpini wa mlango tu! Bosi akaniuliza, "Kwani hizi lebo haziwezi kujibadilisha zenyewe?" Nikamjibu zinaweza, ndipo nikaja kuwauliza kama kweli zinaweza.

Nirukie lebo za kielektroniki au kuna njia ya katikati?

Antena_Darini

Zinaweza, mkuu. Nimezifunga mara mbili. Kioo chake ni cha karatasi ya kielektroniki, kinakula umeme pale tu maandishi yanapobadilika, ndiyo maana betri ndogo ya kidonge inadumu miaka. Darini unaweka kituo cha kurusha mawimbi, kinasoma bei kutoka kwenye programu yako na kuzituma. Kuoanisha ni kuskani msimbopau wa lebo, kisha wa bidhaa, basi.

Usiyoambiwa dukani ni haya. Kwanza, betri ikifa kioo hakizimi. Kinabaki na bei ya mwisho, safi kabisa, kama kawaida. Bei ikipanda hiyo lebo haitajua, na wewe ukipita hutagundua chochote. Kwa hiyo usinunue mfumo ambao lebo hairudishi jibu kwamba imepokea, na hakikisha kila asubuhi kuna mtu anasoma orodha ya zilizokaa kimya. Pili, lebo zenye rangi nyekundu hubadilika polepole na kumetameta sekunde kadhaa. Usipeleke mabadiliko mchana wateja wakiwa wamejaa, wataona duka zima linakonyeza macho. Tatu, umesema friji. Mabati hayapendani na mawimbi, jaribu lebo chache kwenye kona yenye friji nyingi kabla ya kulipia zote.

Halafu uliza zinaongea lugha gani. Mifumo mingi kila mmoja una ya kwake, lebo za huyu hazisikii kituo cha yule. Bluetooth ilipata utaratibu wake rasmi wa lebo za rafu mwaka 2023, angalau huo haumfungi mtu kwa muuzaji mmoja.

Printa_Moja_Tu

Mtoa mada, kabla hujatumia hela za bosi: kwa nini unachapa 600? Programu nyingi za mauzo zina safu ya tarehe ambayo bei ilibadilishwa mara ya mwisho. Andika skripti ndogo, yaani maagizo mafupi ambayo kompyuta inayafuata yenyewe, ichomoe zilizobadilika tangu jana tu, ziende moja kwa moja kwenye printa ya lebo. Mimi inajiendesha saa kumi na moja alfajiri, nikifika nakuta utepe wa lebo umening'inia, siku nyingine lebo nne, siku nyingine hakuna.

Ila Excel itoe katikati. Namba ya bidhaa ikianza na sifuri, inaikata. 00457 inakuwa 457, na huko mbele haitambuliki.

Na kama printa ni ya joto isiyotumia utepe wa wino, lebo za dirishani zitafifia. Hizo chapa kwa yenye utepe.

Mkasi_na_Gundi

Subiri kwanza. SIFURI?? Nina bidhaa kama arobaini ambazo kila mwezi lebo zake hazitoki, naziandika kwa mkono na kuilaumu Word. Nimetoka kuangalia sasa hivi. Zote zinaanza na sifuri. Miaka miwili!

Kaunta_Namba_Mbili

Pole, kaka. Nimekaa kaunta muda mrefu, hasira za bei zinaishia kwetu, kwa hiyo naongeza mawili.

Bei ikipanda, badilisheni lebo kwanza, kaunta ifuate. Ikishuka, kaunta ianze. Hapo hata mkichelewa nusu saa, mteja hatalipishwa zaidi ya alichosoma. Mafundi hupenda kubofya vyote kwa pamoja na kuamini vimefika kwa pamoja.

La pili ni hilo la friji. Mwenye kitambaa cha vumbi atahamisha lebo ya kielektroniki vilevile, na hapo itakuwa inajibadilisha vizuri kabisa ikiwa juu ya friji isiyo yake. Sisi tulibandika kibandiko kidogo chenye namba ya bidhaa mgongoni mwa kila chombo, na namba hiyohiyo ipo kwenye kona ya lebo. Kabla ya kufungua, mmoja anapita na simu anaskani viwili viwili, visipolingana simu inalia.

Mkasi_na_Gundi

Dada, hilo la kupanda na kushuka nimelinakili na kulibandika juu ya meza.

Nimeamua: skripti ya zilizobadilika kwanza, Excel nje, vibandiko vya mgongoni nimeanza leo kwenye friji. Lebo za kielektroniki nitaomba chache za majaribio, nizipeleke kona hiyohiyo yenye mabati. Nimefika friji ya kumi na moja, na tayari nimekuta nyingine mbili zilizobadilishana. Bosi sijamwambia.

Antena_Darini

Usimwambie mpaka umalize friji.